Nyaya za Nyumba Iliyoungua

Sanduku lilijibu kabla halijaulizwa. Fundi redio alikuwa ameshika rimoti, kidole hakijagusa kitufe, na bado swichi ndani ya sanduku alilolitengeneza ikagonga tik, vali ya gesi ikafunguka, cheche zikaruka, na ulimi wa moto ukasimama uani kwa urefu wa mtu. Ukazimika na kuacha harufu ya nywele zilizoungua.

"Umebonyeza?" akauliza mkewe, mshonaji, akiwa kwenye cherehani.

"Bado."

Moto huo wa rimoti haukuwa na kazi yoyote duniani. Fundi aliutengeneza kwa kujifurahisha tu, kama wengine wanavyofuga njiwa. Ila bwana huyu alikuwa na tabia moja chafu, iliyompa jina la Meno: nyaya alizimenya kwa meno. Koleo iko mezani, mkono unaifikia, naye anatafuna na kutema plastiki pale pale mkewe alipofagia. Na safari hii nyaya za sanduku aliziokota kwenye kifusi cha nyumba iliyoungua na wenye nyumba wakiwa ndani. Zilikuwa na masizi, na juu ya masizi mafuta mazito ya manjano yaliyoganda. Mkewe alimwambia azioshe kwanza. Akacheka, akang'ata, akameza mate. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tangu siku hiyo nyumba ilinuka. Si gesi, gesi wangeijua. Ilikuwa harufu ya shahamu ikichuruzika motoni, na iliingia kwenye vitambaa vya wateja, kwenye maji ya kunywa, hadi kwenye nywele za mshonaji. Fundi akawa anatokwa na ute mweusi pembeni mwa mdomo, anaulamba badala ya kuufuta. Mezani alitafuna chakula alichokwisha kumeza, taya zikienda zenyewe, na mkewe, aliyempenda mtu huyu tangu ujana wao na ambaye hakutaka kingine ila arudi kuwa yule mchokozi wake wa zamani, alijikuta akiangalia ukuta ili asitapike, huku kule uani sanduku likigonga tik, tik, bila mkono wa mtu, na kila likigonga, koo la mumewe likicheza.

Akamwita shangazi yake, mwanamke anayejua kuzungumza na majini. Shangazi alifika mchana, akasimama mlangoni akiwa ameziba pua.

"Jini asili yake moto," akanong'ona. "Na mumeo kamjengea mlango, kamwekea na kengele."

"Atatoka, shangazi?"

"Atatoka. Kata nyaya zote, mwanangu. Kwa mkasi wako, si kwa meno."

Waliuondoa mtungi wa gesi. Shangazi akawa anasoma dua kwa sauti ya chini, mshonaji akikata. Kila waya uliokatika ulitoa usaha wa manjano, uvuguvugu, ukamchuruzika hadi viwikoni. Sanduku lilipiga ukelele mmoja, kama mafuta ya moto yakimwagiwa maji, likanyamaza. Wakalifukia. Harufu ikakatika. Jioni fundi alikula, akasifu mboga, akamtania mkewe kwamba mishono yake inakwenda kombo kama njia ya mlevi. Mkewe alilia kwa furaha bila kujificha.

Asubuhi yake, mumewe akinywa chai, mshonaji aliikuta rimoti chini ya vitambaa. Walikuwa wameisahau. Akaiokota ili akaitupe, na kidole gumba kikateleza kwenye kitufe.

Tik, ikagonga tumboni mwa mumewe.

Fundi aliweka kikombe chini. Moshi mwembamba ulimtoka puani, ukinuka nywele. "Mke wangu," akasema polepole, machozi yakimlenga, "nakuomba, usibonyeze tena."

Kisha taya zikaenda zenyewe, na katika koo lile lile sauti nyingine, nzito, yenye ute, ikasema kwa upole, "Bonyeza."

Mshonaji ameitoa betri ya rimoti. Taa yake ndogo nyekundu bado inawaka. Hawezi kuitupa rimoti hiyo, maana mwingine ataiokota. Hawezi kuivunja, maana hajui kitakachovunjika ni kipi. Ameifunga kwenye pindo la nguo yake na anashona nayo hivyo hivyo, na mumewe anapoinama kumtania, yeye hugeuza uso ili asimnuse.