Majina Chini ya Sakafu

Habari hii ilimpata Uwera, binti wa Mukabera, jirani zetu wa kichochoro cha nyuma ya msikiti hapa Kamembe mpakani. Ilikuwa likizo kubwa, miaka ile ya vita vya Kongo, malori yakivuka kutoka Bukavu yamefunikwa turubai, na vijana wetu wakivuka kwenda huko kuchimba madini ya koltani. Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Uwera alianika nguo, akamsaidia mama yake kuchambua dagaa wa sambaza, kisha wakateremka pamoja hadi nyumba ya ziwani, ambako Mukabera alikuwa mpishi.

Nyumba hiyo ilijengwa na mzungu mwenye mashamba ya kahawa. Sasa alikuwa amepanga humo mtu wa Bukavu aitwaye Birindwa, ambaye watu wote walimwita Patroni. Alikuwa na shimo la koltani milimani huko ndani ya Kivu. Mwaka ule alilifunga ghafla, akavuka mpaka na mtumishi mmoja tu, Mulume. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla macho, akawa anakaa barazani mchana kutwa akitazama ziwa asiloliona.

"Maman Uwera," aliita siku hiyo, "binti yako anajua kusoma Kifaransa?"

"Anajua, Papa. Anasoma fasihi."

"Basi akuje anisomee. Hapa naoza bure."

Kwenye kabati la mzungu kulibaki kitabu kimoja, kimevimba kwa unyevu, jalada halipo wala jina. Ilikuwa riwaya ya kale, ya zile za giza ambazo Uwera alizipenda kuliko zote. Tena ilimfaa, kwa sababu Mukagasana, mwalimu wao wa fasihi, alikuwa amewapa swali la likizo: kwa nini katika riwaya hizo wafu hurudi kwa bwana aliyewaua, na si kwa ndugu waliowapenda?

Akavuta kiti, akasoma, akitafsiri panapohitajika. Hadithi ilimhusu bwana wa nchi ya baridi mwenye kinu cha ngano. Ng'ombe wake walipokufa, aliwafunga wakulima kwenye jiwe la kinu walizungushe wao. Aliyeanguka hakuinuliwa. Jiwe lilipita juu yake, na jioni bwana alikula mkate.

Patroni alicheka. "Na ule mukate ulikuwa mutamu?"

"Mwalimu anasema tusiuone kama mkate tu, Papa. Ni alama. Na jiwe la kinu ni utawala. Linazunguka palepale, linasaga, halina haja ya kujua linamsaga nani."

"Mwalimu wako ni muntu wa masomo tu," alisema Patroni kwa upole. "Mwenye kusaga anajua. Anajua kila mumoja na sura yake."

Mulume akaleta chai. Patroni aliionja, kumbe imepoa. Kiboko kilikuwa kimelala mapajani mwake muda wote kama paka, na Uwera hakuwa amekiona mpaka kilipoinuka. Kwa kuwa mzee hakuona vizuri, alipiga popote: shingoni, sikioni, mdomoni. Mulume hakukinga uso. Mukabera alitokea mlangoni, akasimama, akarudi jikoni. Jino lilianguka kwenye sahani ya kikombe likalia kama sarafu.

"Endelea," Patroni alimwambia Uwera, akifuta mikono.

Naye akaendelea.

Alasiri hiyo alimkuta Mulume nyuma ya nyumba, kwenye pipa la maji ya mvua, akiosha damu. Akamuuliza kwa nini haondoki, na mpaka uko pale, hata kwa miguu unafika.

Mulume alitazama baraza kwanza. Kisha akanong'ona.

"Balinzi bake ng'ambo bataniua, juu niliona. Beko mule ndani ya shimo, dada. Bachimbaji. Miti ilikuwa imeoza, bakakatala kushuka. Akabapigisha viboko mpaka bakashuka. Udongo ukaanza kuanguka, bakapanda juu mbio. Patroni akaambia balinzi bafunge mulango wa shimo. Na mbao, na mawe. Juu ya kuogopa bataenda kusema." Akatema damu. "Christophe-Aimé, mudogo wangu, alikuwa mule. Mimi balinishika na bunduki kwa kichwa. Nilisikia bakigonga. Baligonga muda murefu sana."

"Na ndugu zao?"

"Banafikiri beko kazini. Hakuna muntu aliita majina yabo, hakuna muntu alilia. Na bale mule chini habajue hata kama balikufa." Akamtajia majina hayo, moja moja, kisha akamkazia macho. "Kulikuwa moja wa hapa kwenu. Ridhwani, mwana wa fundi cherehani."

Ridhwani aliwahi kukaa na Uwera dawati moja. Mama yake, pale kichochoroni kwetu, alikuwa akitueleza kila siku kwamba mwanawe yuko Kinshasa, kapata kazi nzuri, ndiyo maana haandiki.

Siku hiyo Uwera hakula. Alikaa na swali la mwalimu, akaliona kwa namna nyingine. Yule mwandishi wa kale hakuweza kusimama sokoni na kusema kwamba bwana wetu ni muuaji. Angenyongwa. Basi akajenga kinu kwa maneno, akawaweka wafu ndani yake, akaacha kinu kiseme. Alama haikuwa pambo la kitabu. Ilikuwa mdomo wa watu walioshonwa mdomo. Na kama mtu wa kale aliweza, kwa nini yeye asiweze?

Alipomwambia mama yake, Mukabera alimshika mikono yote miwili. "Uwera, yule ana watu wenye bunduki ng'ambo. Wewe soma kilichoandikwa, likizo ipite."

Kesho yake Uwera alikaa kwenye kiti chake barazani. Kulikuwa na jua, wavuvi wa kisiwa cha Nkombo wakianika nyavu, redio ya jirani ikiimba Kilingala. Akafungua kitabu. Katika kitabu wakulima hawakuwa na majina. Yeye akawapa.

"Bwana akaamuru Murhula afungwe kwenye jiwe," alisoma. "Na Murhula alipoanguka, akafungwa Balagizi. Na Balagizi alipoanguka, akafungwa Cishugi."

Kiboko kilikoma kucheza mapajani.

"Rudilia."

Akarudia.

"Nani alikuambia ile majina?"

"Ni ya kitabuni, Papa." Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililomwogopesha mwenyewe baadaye.

Patroni alifungua mdomo. Hapo wote wakasikia. Chini ya sakafu ya saruji, chini sana, mtu aligonga. Vikombe vililia mezani. Kimya. Kisha wa pili akagonga, mahali pengine. Kisha wengi.

Mukabera alitoka jikoni na kisu cha vitunguu mkononi. "Ni nini hicho?"

Mulume alikuwa amepiga magoti, shavu lake limegusa saruji, anasikiliza kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito.

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Maji ya bomba yalitoka na tope. Kwenye unga palikutwa mchanga mweusi unaometa kama ule wa koltani. Ukuta wa chumba cha Patroni ulitoa jasho jekundu, na kila Mukabera alipoufuta, alikuta alama za vidole chini ya chokaa, upande wa ndani. Patroni hakulala. Alimwamuru Mulume apasue sakafu ya sebule kwa sururu, atafute panya, atafute bomba, atafute chochote. Mulume alichimba mpaka akakutana na jabali zima, lisilo na ufa. Shimo lenyewe halikumtosha hata mtoto kuingia.

Waligonga ndani ya jabali.

Mvua ilikuwa inanyesha mchana ule wa mwisho, ziwa lote limekuwa jeupe. Patroni alimpiga Mulume pale pale ukingoni mwa shimo. Alimpiga mpaka kiboko kikawa kinateleza mkononi kwa damu. Mulume aliacha kusogea. Kisha mzee akageuka, akapapasa hewani, akamdaka Uwera kwa nywele.

"Weye ulibaita," alinong'ona sikioni mwake. Pumzi yake ilinuka udongo. "Basi barudishe. Soma ile kitabu kwa kinyume. Toa majina. Moja moja."

"Majina hayatoki, Papa."

Kiboko kilimshukia mgongoni. Gauni likapasuka. Cha pili kikapasua ngozi. Mukabera alikuja mbio na sufuria ya mafuta, lakini mzee alimsukuma, akaangukia ukutani, akabaki hapo ameshika mbavu. Uwera alikuwa chini, uso wake juu ya kile kitabu kilichovimba, damu yake ikidondoka kwenye ukurasa. Hakuona herufi. Hakuzihitaji.

"Christophe-Aimé," alisema.

Sakafu ikatikisika.

"Nyamaza!"

"Ridhwani."

Kugonga kukakoma.

Kilichofuata Uwera alikisimulia mara moja tu, kwa mama yake na kwa mama Ridhwani, na sisi tulikisikia kwao. Patroni aliinua kiboko tena. Hakikushuka. Kitu kilikishika juu, kikakivuta, kikachomoka mkononi mwake pamoja na ngozi ya kiganja. Kisha kiboko kikaanza kupiga. Hapakuwa na mtu aliyekishika. Shati la mzee lilichanika begani, likachanika mgongoni, na nyama iliyokuwa chini yake ikafunguka. Kilipiga kwa mpangilio, kama watu wanaopokezana zamu. Kila zamu ilikuwa na mkono wake: mmoja mzito, mmoja wa haraka, mmoja dhaifu kama wa mtoto aliyeanza kazi juzi.

"Mulume!" mzee alilia. "Mulume, saidia!"

Mulume alikuwa hai. Alikuwa ameinua kichwa. Jicho lake moja lilikuwa limefumba, lile lingine linatazama.

"Ushuke polepole, Patroni," alisema. "Miti imeoza."

Hapo mikono ikatoka. Ilitoka kwenye jabali zima kama inatoka majini, myekundu kwa tope, kucha zimeng'oka zote kwa kukwaruza mbao. Ilimshika kifundo cha mguu. Ilimshika goti. Ikavuta. Shimo lilikuwa dogo na mzee alikuwa mkubwa, lakini mikono haikujali hilo. Uwera alisikia nyonga ikivunjika. Alisikia mbavu, moja, nyingine, nyingine. Mzee alipiga kelele mpaka shimo lilipomfika kifuani, kisha mkono mmoja ukapanda taratibu, ukamjaza tope mdomoni, ukamfunga.

Mvua ikaendelea kunyesha. Mukabera alitambaa, akamfunika binti yake macho. Lakini masikio hakuyafunika.

Majirani walipofika walimkuta Patroni amekunjwa shimoni kama nguo kwenye beseni, magoti yakiwa nyuma ya masikio. Jabali chini yake lilikuwa zima. Koo lake lilikuwa limeshindiliwa mchanga mweusi hadi tumboni. Polisi waliandika kwamba sakafu ilibomoka chini yake. Walimuuliza Mulume nani aliyempiga hivyo yeye mwenyewe, akawaonyesha maiti. Walimuuliza nani aliyempiga Patroni. Akawatajia majina, yote, polepole, na askari akaacha kuandika katikati.

Mulume alivuka daraja la mpakani mara tu alipoweza kutembea. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wazazi wa wale vijana, tulisikia, na kila alikopita watu waliketi matanga. Hata hapa kwetu mama Ridhwani aliketi. Alilia siku ile kwa sauti ambayo alikuwa ameizuia muda wote huo, na Uwera alilala kifudifudi kando yake, kwa sababu mgongo haukumruhusu kukaa.

Shule ilipofunguliwa aliandika jibu la Mukagasana. Aliandika kwamba wafu hurudi kwa bwana kwa sababu yeye peke yake ndiye anayejua walipo. Aliandika pia kwamba alikosea alipodhani mwenye kutumia alama yuko salama nayo. Mwalimu alimpa alama za juu, akamuuliza alikopata wazo hilo. Uwera alisema ni vitabuni.

Jamaa za Birindwa wa Bukavu walikataa kumchukua, hivyo alizikwa hukuhuku, kwenye makaburi ya juu, na Harelimana mchimba kaburi. Harelimana ni mtu asiyependa maneno mengi. Mvua ya kwanza baada ya mazishi, kaburi lilititia. Akalijaza. Likatitia tena. Akaleta udongo kwa mkokoteni, akaleta kokoto, akaleta vipande vya matofali, na kila alipolisawazisha, baada ya siku chache alikuta bonde.

Asubuhi moja alikuta katikati ya bonde hilo tundu jeusi, upana wa kichwa cha mtu. Akainama. Hewa iliyotoka humo ilikuwa ya moto. Akaokota jiwe kubwa kiasi, akaliachia litumbukie, apate kujua ni kina gani.

Alisubiri kusikia likitua. Alisubiri mpaka jua likamwunguza shingo, kisha akachukua chepe yake, akashuka kilimani bila kugeuka.

Anasema jiwe halikutua. Anasema lilidakwa.