Msaada wa Masomo Haukuwa Mali ya Karani

Mwamina alikwenda kuwapa kuku pumba. Akamkuta mumewe, Lukumani, anamfunga jogoo miguu.

"Huyo naye anakwenda kwa karani?"

"Mama Awadhi, mtu haendi kumwomba mkubwa mikono mitupu."

"Mkubwa! Banda limekwisha, na mtoto hajapata kitu. Tumbo lile halishibi?"

Mtoto wao, Awadhi, alikuwa nyumbani kwa likizo ya sekondari. Alitaka kusoma chuoni elimu ya viumbe vya bahari. Mkulima wa kijiji cha Mtua kama Lukumani hangeweza kulipa ada. Msaada wa masomo ulikuwapo, lakini karani mmoja wa ofisi ya wilaya, Nachingwea, alimwambia Lukumani: "Huo ni wa watu wa pwani. Ila mimi nitawaombea." Tangu hapo alipokea kuku na kujibu, "Subirini."

Jirani yao, mwalimu Felisian, alisikia ugomvi, akaingia uani. Aliposimuliwa, uso ulimkunjamana.

"Hii ni dhuluma! Msaada huu huombwa na mwanafunzi mwenyewe, kupitia mwalimu mkuu wake. Karani hahusiki. Wala haubagui pwani na bara. Hutazama alama za sayansi na hesabu. Na mwezi huu ukiisha, maombi hayapokelewi tena."

"Lakini mwalimu, mtoto bahari ameiona mara moja tu, kule Lindi," alisema Lukumani.

"Akaonja maji, akatema!" alisema Mwamina.

"Bwana Lukumani, haendi kutupa nyavu. Anakwenda kujifunza samaki huzaliana wapi, na kwa nini hupungua. Hayo hufundishwa."

Lukumani alimfungua jogoo. "Mwenyezi Mungu ampe mwanangu akili, kisha mja aifanyie biashara!"

Awadhi aliondoka siku ile ile kwenda shuleni kwake. Mwalimu mkuu akapeleka maombi pamoja na alama zake. Awadhi akaitwa chuoni, akaulizwa maswali, akajibu vema. Akapewa ada, vitabu na nauli.

Habari ilipoenea, karani alimkabili Lukumani sokoni Ruangwa, mbele ya watu.

"Nimempatia mwanao chuo, nawe huji hata kushukuru?"

"Nikushukuru kwa lipi? Njia ilikuwa wazi, ukaniambia imefungwa! Umekula jasho la mke wangu! Mtoto amepata kwa rehema ya Mungu na kwa bidii yake."

Karani akajipenyeza kati ya watu, akaenda zake. Wazazi wakamzunguka Lukumani.

"Binti naye huomba?" aliuliza Mwanaheri, mwuza mihogo.

"Huomba. Aende kwa mwalimu wake mkuu. Asipitie kwa mtu mwingine."

Mwanaheri alikunja mkeka wake, mihogo ikiwa haijauzwa, akaenda kumwita bintiye.