Rezista ya Mwisho wa Waya

Kila akitoka shule, binti wa fundi alipitia kituo cha kupozea maziwa, akafagia chumba cha mitambo huku akimsubiri mama yake, ambaye ndiye fundi wa hapo. Ukutani kulikuwa na inveta tano, mashine zinazogeuza umeme wa jua uweze kuendesha matangi ya baridi. Waya mwembamba ulizipitia zote hadi kwenye kisanduku walichokiita Karani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuiuliza kila inveta hali yake na kuionyesha kwenye kioo.

Siku hiyo hakupata nafasi ya kufagia. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, amefura.

"Tangu jana Karani anasema inveta mbili zimekufa. Mara zimefufuka, mara zimekufa tena. Nitajuaje kama maziwa yanapoa?" Akamgeukia mjomba wa binti, msaidizi wa mama. "Wewe ndiye uliyefungua mashine jana. Vua ovaroli, uende."

"Nilipangusa vumbi tu," mjomba alisema.

"Kumbe vumbi ndilo lilikuwa linaziendesha?"

"Ngoja nifike mwisho wa waya," mama aliingilia. "Ndipo tujue wa kufukuzwa."

"Gari la maziwa likifika kabla hujamaliza, nisimwone hapa."

Mama alizitenga inveta zote na waya, akaanza kuziunganisha moja moja. Ya kwanza ikajibu. Ya pili nayo. Akahakikisha kila moja ina namba yake, maana mbili zikiwa na namba moja hujibu kwa pamoja na Karani asielewe kitu. Namba zilikuwa sawa. Waya ulikuwa mzima. Alipofika ya nne na ya tano, mchezo ukaanza: zinajibu, zinanyamaza.

"Uligusa nini humu?" alimfokea mdogo wake. "Nieleze ukweli."

"Hata wewe, dada? Haya." Mjomba akavua ovaroli, akaitupa sakafuni, akatoka.

Mama akafungua mfuniko wa inveta ya tano, akamulika kwa tochi. "Hapa palikuwa na rezista," alisema polepole. "Ndiyo inayotuliza mawimbi ya ujumbe yakifika mwisho wa waya. Isipokuwepo, yanarudi na kuvuruga majibu. Nani kaichukua?"

Binti alihisi mkoba ukimlemea. Jana, mjomba alipokwenda kutafuta kitambaa na kuacha mfuniko wazi, binti alikiona kidude chenye mistari ya rangi. Aliona kama hakina kazi yoyote. Akakilegeza kwa bisibisi, akakitia mkobani kwa ajili ya taa yake ya maonyesho ya sayansi. Meneja alipoanza kufoka, alijiambia kidude kidogo kama punje ya mchele hakiwezi kuleta zogo lote lile. Sasa mjomba alikuwa anakaribia geti.

Akamkimbilia, akamshika mkono. "Mjomba, rudi. Ninayo mimi."

Rezista ilirudishwa mahali pake. Karani akaonyesha inveta zote tano, na hazikuzimika tena. Meneja aliokota ovaroli, akaikung'uta, akamnyooshea mjomba. Mjomba aliiacha ining'inie mkononi mwa meneja.

"Nilikuhukumu haraka," meneja alisema. Ndipo mjomba akaipokea.

Mama alimgeukia binti. "Ungepigwa na umeme, ningekuzika. Hilo la kwanza. Ulipokichukua hukujua kazi yake. Lakini mjomba wako alipofukuzwa, ulijua ulikigusa, ukanyamaza. Hapo ndipo hasira yangu ilipo."

"Nisamehe, mama."

"Muombe yeye. Nami namuomba, maana nilimfokea kabla sijamaliza kukagua." Akavuta pumzi. "Ukigusa kitu, sema umekigusa, hata kiwe kidogo kiasi gani. Fundi hatengenezi alichofichwa, na usipomwambia, atamlaumu aliye karibu."

Binti akamwomba mjomba radhi. Mjomba alifunga vifungo vya ovaroli bila kumtazama.

"Mfuniko niliuacha wazi mimi," alisema mwishowe. "Ila bado nimekasirika, na kesho nitaamka nimekasirika."

"Ndiyo, mjomba."

"Shika ufagio. Na mkoba uuache nje."