Salamu za Saa Kumi na Mbili

Bosi alimtuma jambo dogo tu. "Fundi, kabla hujaondoka, izime ile seva kuukuu. Kesho inabebwa."

Jua lilikuwa linazama. Fundi akachukua funguo, akaingia chumba cha nyuma, ambako mashine ya kutuma ujumbe kwa wateja wa vifurushi ilikuwa ikinguruma mwaka wa sita sasa. Vumbi lenye joto likamkaba pua. Kisha, ndani ya lile vumbi, akanusa kitu kingine.

Dawa ya kuchua kifua.

Mama yake alikuwa akinukia hivyo. Mama waliyemzika wiki tatu zilizopita.

Akajiambia ni uchovu. Akawasha kioo na kuitisha orodha ya programu zinazoendelea chinichini, maana seva haizimwi hivi hivi kama taa ya chooni. Zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa za ofisi. Ya tatu ilikuwa yake, na alipoiona uso ukamwaka kwa aibu.

Aliiita Salamu.

Aliiandika mwaka jana, mvivu yule, siku alipochoka kuulizwa mbona hapigi simu. Kila jioni saa kumi na mbili ilimwamkia mama kwa namba ya ofisi. Mama akijibu, ilichagua jibu moja kati ya tisa aliyoyaandaa. Akaipandisha kwenye seva, akaipa masharti: iendelee hata yeye akiwa hayupo, na ikifa, ifufuliwe baada ya sekunde tano. Dada yake hata akamsifu. "Mama anasema siku hizi unajibu upesi, mdogo wangu. Hongera." Akaipokea hongera kana kwamba ni yake.

Kwenye msiba aliisahau kabisa. Sasa akafungua kumbukumbu za ujumbe, akaitafuta siku aliyokufa mama.

"Mwanangu, kifua kinabana. Nipigie."

"Sawa mama. Kazi nyingi, nitapiga kesho."

"Naomba unipigie sasa hivi."

"Haya mama, pole na shughuli. Lala salama."

Fundi akaziba mdomo kwa kiganja. Alijua kuwa mama alikufa peke yake. Hakujua kuwa aliita.

Alitaka kuacha kusoma, lakini kumbukumbu hazikuishia hapo. Siku ya mazishi. Wiki iliyofuata. Jana... Salamu ilikuwa ikimwamkia mama kila jioni, kama ilivyoagizwa.

Na kila jioni mama aliitikia.

"Marahaba, mwanangu."

Akampigia dada yake, akinong'ona bila kujua kwa nini. "Dada, simu ya mama anayo nani?"

"Iko kabatini kwangu."

"Umeiwasha?"

"Niiwashe na nini? Betri niliitoa mwenyewe. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nitakupigia."

Akaiua ile programu. Moja, mbili, tatu, nne, tano... ikafufuka. Akaiua tena, akikosea herufi mara mbili. Ikafufuka tena, kwa amri yake mwenyewe. Ndipo mstari mpya ukatokea kwenye kioo.

"Usiiue. Leo ni wewe?"

Akaandika kwa mkono wake, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. "Ni mimi, mama. Kumbe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Wewe hujawahi kuniamkia bila kuomba kitu."

"Sasa mbona uliendelea kujibu?"

Feni za mashine zikavuma. Ile harufu ikasogea... ikamfikia begani.

"Niliogopa nikinyamaza, hicho kinachoniamkia nacho kitanyamaza."

Fundi akalia kwa sauti, mtu mzima na funguo za ofisi mkononi. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mama amsamehe. Akaandika, "Nimekukosea mama. Nisamehe."

"Si kwa maandishi. Nipigie."

Akachukua simu. Akabonyeza namba ambayo kidole chake kilikuwa kimeanza kuisahau.

Ikaita mara moja.

Mbili.

Tatu.

Ikapokelewa.

Hakusikia neno. Pumzi tu. Fupi, nzito, pumzi za mtu aliyebanwa na kifua, anayejikusanya ili aseme. Lililobaki lilikuwa aite "mama", basi. Nywele zikamsimama, na zile pumzi zikazidi kukaribia...

Akakata.

Papo hapo simu yake ikalia. Roho ikamruka. Alikuwa dada yake.

"Mdogo wangu," dada alisema kwa sauti ya chini sana. "Simu ya mama imeita humu kabatini. Imeita mara tatu, halafu ikapokelewa. Na mimi sijaigusa. Nani alikuwa anapiga?"

Fundi akatazama kioo. Orodha ilikuwa na programu mbili tu. Akahesabu hadi tano, akahesabu tena, na Salamu haikurudi. Chumba kilinuka vumbi tupu.

"Sijui, dada," akasema, kwa kinywa chake mwenyewe.