Masahihisho ya Mgeni Asiye na Jina

Masahihisho ya kwanza yalikuja mchana kweupe, na yalikuja na harufu ya nywele zilizoungua.

Mwandishi wa programu na mumewe walikuwa sebuleni wakiijenga upya lugha kongwe ya kompyuta, ambayo mume aliijua tangu ujana wake. Walitaka kuigawa bure, na yeyote mwenye ujuzi achangie. Aliyetuma masahihisho haya hakuweka jina. Lakini jamani, kazi yake! Safi, na imepangwa vilevile anavyopanga mumewe.

"Mume wangu, ni wewe unanichezea?"

"Mimi naosha vyombo," akacheka kutoka jikoni. "Kubali tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mke akabonyeza Kubali. Kesho yake mume akashindwa kusoma mstari aliouandika mwenyewe. Yakaja mengine, mke akakubali. Mume akasahau chumvi inakaa wapi. Mwanamke akaanza kushuku, tena kushuku hasa, ila kazi ilibaki kidogo iishe, na tamaa mnaijua ilivyo. Akakubali tena. Siku hiyo mumewe akamwuliza kwa adabu, "Samahani dada, wewe ni nani?"

Alilia mpaka sauti ikakauka. Akamwita shangazi yake, mganga asiye na maneno mengi. Shangazi akainusa kompyuta, akarudi nyuma.

"Nani alimpokea?" akanong'ona.

"Mimi, shangazi."

"Basi umemtoa mumeo kipande kipande, mwanangu. Kipande kijacho cha kazi yake, kikatae."

Kilipokuja, harufu ikajaa mpaka kooni, na kitu kikaanza kukwaruza chini ya meza, kikapanda mguu wa kiti, kikahema karibu na sikio lake kwa pumzi ndefu ya mtu aliyetoka mbali, na mke, huku shangazi akimshika bega asikimbie, akabonyeza Kataa. Harufu ikaisha.

Mume akainuka kwenye kochi, akamwita mkewe kwa jina. Furaha iliyoje! Shangazi akamshukuru Mungu, akaaga.

Ndipo skrini ikawaka. Masahihisho mapya, na ujumbe juu yake: "Mke wangu, ulichokikataa kilikuwa mimi, nikirudi nyumbani. Huyo uliye naye simjui. Nikubali, haraka."

Mke akapeleka kidole kwenye Kubali. Mkono ukamshika kutoka nyuma, mkono wa mumewe kabisa, na pete yake kidoleni.

"Kataa," yule mwanamume akasema kwa upole. "Nimeshapazoea hapa."