Prosesa ya Akiba

Kila adhuhuri fundi alifungua chakula chake katika chumba cha kuongozea mitambo, akasema, "Karibuni," kisha akala peke yake. Mazoea yana tabu. Zamani chumba kile kilijaa watu wenye kelele, na hakuna aliyetia tonge mdomoni kabla ya kuwakaribisha wenzake. Kisha kiwanda kikaletewa prosesa, visanduku vinavyoendesha mitambo bila mkono wa mtu, wenzake wakaambiwa asanteni kwa kazi, akabaki yeye wa kuzitazama na mlinzi wa getini. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Binti yake aliishi mji mwingine.

Siku moja aliposema "Karibuni," kabati la umeme likajibu: tk, tk. Chumba kisichojua maji kikanuka udongo uliolowa.

"Swichi imechoka," alijiambia, akaendelea kutafuna.

Prosesa zenyewe zilikuwa mbili ndani ya kabati hilo, pacha. Moja iliendesha mikanda, mota na tanuri. Ya pili ilikaa akiba kando yake, haigusi kitu, inaiga tu kila afanyalo mwenzake, ili ile ya kwanza ikizimika siku yoyote, hii ishike kazi na asitambue mtu kwamba kuna aliyeondoka. Ule mlio ulitoka kwenye hii ya akiba.

Tangu hapo mambo yakaanza. Mkanda ulisimama kumpisha fundi bila yeye kugusa chochote. Alipokohoa, nyuma ya kabati kitu kilikohoa, kikohozi kilekile cha kifua kilichokula vumbi. Aliogopa, asikudanganye mtu. Lakini, aibu kusema, alifurahi kidogo pia kwamba kuna mwenzake mle ndani.

"Fundi," mlinzi alimnong'oneza jioni moja getini, macho yamemtoka pima, "si umetoka sasa hivi? Umenipita hapa na koti lako, hata salamu hukunipa. Nikasema mzee leo kanuna."

"Sijatoka mimi."

"Basi tusiliongelee hapa." Mlinzi akahamishia kiti chake nje ya geti, na hakukubali tena kuingia ndani hata kwa maji ya kunywa.

Kesho yake binti akapiga simu, sauti imechangamka. "Baba, jana umenichekesha mpaka mbavu zinaniuma! Sijakusikia hivyo tangu mama afariki. Na nimekubali. Nakuja Ijumaa kukuchukua uhamie kwangu, kama ulivyoniomba."

Fundi akaligeukia kabati. Hakuwa amempigia. Kilichojua kupiga simu chenyewe kikipata hitilafu ni kiwanda, na namba ya binti aliiingiza yeye humo, iwapo litampata la kumpata. Angesema ukweli pale pale. Lakini ombi hilo alikuwa nalo kooni miaka mingi, akiona haya kuwa mzigo, na sasa limeombwa na limekubaliwa.

"Haya, mama," alijibu polepole. "Nitakusubiri."

Ijumaa aliposikia gari uani alikwenda kuchukua koti lake asilione, akaushika mlango, kufuli la umeme likajifunga mkononi mwake, harufu ya udongo ikampanda mpaka kooni, akakimbilia kioo kikubwa cha kutazamia mitambo, na hatua chache upande wa pili akamwona mwanawe amemkumbatia mzee aliyevaa koti lile, bega moja limeshuka kama lake, anakohoa kama yeye, anamfuta binti machozi kwa kiganja, jambo ambalo yeye mwenyewe alilitamani siku ya msiba na mkono ukamgomea.

Akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Kinywani kikamtoka kitu kimoja tu: tk, tk.

Binti akageuka. Akakisogelea kioo mpaka wakawa uso kwa uso, akatulia hapo akimtazama, na moyo wa fundi ukaruka kwa matumaini. Kisha akauweka sawa mtandio wake, kama ajitazamaye kwenye kioo cha kabati nyumbani.

"Maskini baba," alisema. "Kumbe humu ndimo ulimokuwa ukikaa peke yako miaka yote hii?"

"Peke yangu, mama," akajibu yule mzee, kwa upole ambao fundi hakuwahi kuupata, akamshika binti mkono wakaenda zao.