Uzio wa Ninu

Majani makavu ya miba yaliyonasa chini ya gari yalikuwa yameshashika moto kwa joto la injini Marlene aliponusa moshi. Waliruka nje, kila mmoja upande wake. Darcy akarudi, akachomoa kitu ndani ya moshi, akatoka mkono umebabuka.

"Maji hayo?" Marlene aliuliza.

Ilikuwa kamera. Maji na redio viliteketea.

Darcy hakuthubutu kumtazama shangazi yake. Ndiye aliyembembeleza alfajiri waache barabara, "pale tu, shangazi," wamfuate ninu, mnyama wa usiku mwenye masikio ya sungura, abebaye mtoto mfukoni. Na Marlene, mlinzi wa hifadhi, alikubali. Wageni wangapi aliwakatalia jambo hilohilo!

Walitembea kuelekea uzio wa umeme wa hifadhi. Mchanga uliwaunguza kupitia soli. Kufikia mchana Darcy aliacha kutoka jasho, akaanza kuropoka, akaanguka chini ya waya.

"Niache, shangazi. Kamera mpe mama."

"Mama yako atanipiga nayo kichwani. Nyamaza, tunza mate."

Koleo la kukatia waya, lenye mpini wa mpira, lilikuwa kiunoni mwa Marlene. Waya wa umeme ukikatika, king'ora hulia kituoni na mtu huja. Lakini bila umeme uzio ule ni ngazi tu kwa paka mwitu, na ninu wa mle ndani hawajui kukimbia paka. Marlene na dada zake waliuvuta waya huo wenyewe, viganja vikitoka damu. Alimtazama kijana, midomo imepasuka, macho yamegeuka.

Akakata. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Jua likizama, akafika Clarrie, mlinzi mwenzake. Alimnywesha Darcy kidogokidogo, akamlaza garini, kisha akauinua waya.

"Ngamia hawa wanaokata waya wametuchosha," alisema.

"Si ngamia."

Clarrie aliangalia ncha ya waya, kisha koleo. Akauachia waya uanguke. Afadhali angetukana.

Upande wa pili wa waya ulikuwa umefyatuka na kurudi mbali. Kuuvuta ni kazi ya watu wengi. Nje ya uzio, nyayo mbichi za paka zilikuwa zimepita na kurudi.

"Mwahishe hospitali," Marlene alisema. "Niachie tochi na maji. Nitalinda hapa mpaka mafundi waje."

"Hata kusimama huwezi."

"Basi nitakaa."

Darcy alisikia yote. Alitaka kuomba msamaha. Badala yake alifumba macho, akajifanya amezimia.